Kadi ya Kuwavusha Muleba

Jumatatu, 2 Desemba 2024

Nimenunua! Kadi ya mwaka mzima ya ile bustani ya watoto iliyofunguliwa Buhembe. Bwawa, bembea, na mbuni mmoja mwenye macho ya mtoza ushuru. Bibi mmoja na wajukuu wawili, tunaingia tutakavyo. Aliyelipa ni mbuzi wangu mweusi, niliyemuuza mnadani.

Sababu naiandika hapa, maana sitaisema kwa mtu. Basi la kutoka Mwanza, wanakokaa wajukuu, hupita Muleba kabla ya kufika Bukoba. Na pale stendi ya Muleba husimama Alistidia, mama mzaa mke wa mwanangu, kama paka mlangoni kwa panya. Kila Desemba wajukuu wanashukia kwake, siku mbili tu, eti. Zinakuwa wiki tatu. Mimi hapa Kibeta nabaki natazamana na ndizi zinazoivia mkunguni. Mwaka huu hawashuki!

Binti wa ofisini aliuliza majina ya watoto. Nikampa niliyowapa mwenyewe walipozaliwa: Kemilembe na Mutalemwa. Jirani yangu Ta Bartholomayo akataka kujua watoto wa Mwanza wataingia mara ngapi mpaka kadi imrudishe mbuzi. Nikamwambia akahesabu migomba yake. Mwanamume mzima anahesabu bembea!

Alhamisi, 5 Desemba

Nimempigia mwanangu Ishengoma. Nikasikia watoto nyuma wanapiga kelele, bwawa, bwawa! Wanakuja Jumamosi, moja kwa moja Bukoba. Konda ni mtu wa kwetu, atawaangalia.

Jioni kapiga Alistidia. Salamu ndefu, sukari tupu. Amesikia nimenunua geti la bustani, anasema. Halafu akachomekea kwamba senene, wale panzi wetu watamu, wameanguka Muleba, wengi mno. Nikamjibu senene huanguka kwa kila mtu. Akauliza, sasa mbona Kibeta hawajafika, mae, mama yangu? Nikakata. Nitasema chaji iliisha.

Jumamosi, 7 Desemba

Wamefika, hawakushuka! Lakini basi liliposimama Muleba yule mama alipitisha dirishani pakiti mbili za senene wa kukaanga. Wajukuu wangu wamepiga magoti kunisalimu, vizuri kabisa, midomo inanuka Muleba.

Jumapili, 8 Desemba

Aibu. Baada ya ibada tumekwenda Buhembe na nguo za kanisani. Getini yupo mama mmoja, Salma, ana daftari. Akamuuliza mtoto wa kike jina. Lilian. Salma akatazama kadi, hakuna Lilian. Nikamkonyeza mtoto ataje jina lake la kwenye kadi. Akasema Lilian, kwa sauti kubwa zaidi. Mdogo wake akaona asaidie: yeye ni Avit, lakini kwa bibi anaitwa Rweyemamu. Rweyemamu! Jina alilopachikwa na Alistidia! Foleni nzima ikacheka. Salma akasema pole bibi, lete vyeti vya kuzaliwa. Vyeti viko Mwanza. Nimelipa getini kama mgeni, kwenye bustani yangu mwenyewe.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Asubuhi nzima nimewafundisha majina. Anayekosea hapati uji. Wakayajua haraka. Getini tukaambiwa kadi haifanyi kazi sikukuu, imeandikwa nyuma. Nani husoma nyuma?

Ijumaa, 13 Desemba

Siku nne mfululizo wameingia, majina wakayataja vizuri, Salma akachoka kudai vyeti. Siku zote nne mvua. Nimewaambia hata bwawani ni maji, tofauti iko wapi? Mbuni amekula kitambaa changu cha kichwa. Avit akaomba kesho akae nyumbani tu. Nikamwambia mbuzi hakufa ili yeye akae.

Usiku huu Ishengoma kapiga. Eti watoto wanasema kwa bibi wa Bukoba wanaamshwa kama wanakwenda kazini. Eti wanataka Muleba, wakaokote senene. Macho yamenitoka machozi. Ni moshi wa jikoni.

Jumapili, 15 Desemba. Muleba

Nimewaleta mwenyewe jana. Ningewatuma na konda, Alistidia angesema nimeshindwa.

Leo alfajiri wenyewe wameamka! Wako nyasini wanaokota senene kwenye chupa za maji, wamelowa hadi magotini, wanacheka. Baadaye tumekaa kwenye mkeka tunanyonyoa mabawa. Alistidia akanipa kiti kizuri, yeye akakalia gogo. Halafu huku ameinamia ungo akaniuliza, mae, kwani hapa getini umelipa ngapi? Nilicheka. Kicheko kilinitoka tu.

Nikamkumbusha, kwa heshima, kwamba tulivyolelewa mwanamke huokota senene, haruhusiwi kuwala. Akasukuma bakuli upande wangu. Nikaonja mmoja, kwa ajili ya watoto. Bakuli limerudi tupu.

Lilian amelala mapajani mwangu. Kaninong'oneza kwamba leo nimekuwa bibi mzuri. Leo!

Jumatano, 18 Desemba

Nimerudi Kibeta peke yangu. Watoto wamebaki Muleba mpaka Krismasi. Sawa. Sina kinyongo. Lakini kadi ina miezi kumi na moja na nusu, haiwezi kulala sandukuni.

Nikaenda Buhembe. Salma akasema mtu mzima haingii bila watoto wa kwenye kadi. Nikarudi nyumbani nikaazima wajukuu wawili wa Ta Bartholomayo. Njia nzima nawaambia: wewe Kemilembe, wewe Mutalemwa. Getini wakajibu kama wanakwaya. Salma akanitazama sana, akafungua. Mbuni alinikumbuka.

Wakati wa kutoka binti wa ofisini akanieleza kuwa anayelipia mwaka wa pili mapema anapunguziwa. Nikawaza Pasaka. Nikawaza lile basi. Majina nimemwambia aandike yaleyale, watayazoea.

Nilipofika nyumbani mbuzi mweupe alinitazama. Nikamwambia asiwe na haraka, mnada ni kesho.