Kiraka Changu na Yule Bwana Asiye na Adabu

Jumatatu, 3 Machi
Bosi katangaza: programu yetu ya stoo inakosea tarehe. Ni programu huria, msimbo wake, yaani maagizo yanayoiendesha, uko wazi, yeyote anaweza kuurekebisha. Atakayetuma kiraka, yaani marekebisho ya msimbo huo, kikapokelewa na wenye programu, ndiye kiongozi wa timu mpya. Nimecheka kimoyomoyo. Miwani, mwenzangu wa meza ya jirani, kaanza kusoma maelekezo ya wachangiaji. Maelekezo! Jioni nimemdokeza mama mkwe kwamba cheo ni changu. Kabla sijavua viatu, ukoo mzima ulishajua.

Jumanne, 4 Machi
Kiraka tayari. Kifupi, kitamu. Hazina za mtandaoni unakotunzwa msimbo wa programu hii nimezikuta mbili. Moja ina masharti, majaribio, na watu wazima wanaobishana kuhusu koma. Nyingine kimya, safi, hakuna foleni. Mimi na foleni wapi na wapi? Nikatuma kwenye ile kimya. Kufumba na kufumbua, jibu: hii ni nakala tu, hatupokei viraka hapa, peleka hazina kuu. Wakakifunga. Hata salamu! Na kwa kasi ile, huyo bwana aliyenijibu hakukisoma. Wivu tu.

Jumatano, 5 Machi
Nimekituma tena, pamoja na maelezo marefu kuhusu elimu yangu. Jibu lilelile, neno kwa neno. Nikamwandikia kwamba mimi si mtoto mwenzake. Lilelile. Nikajishusha, nikamwita kaka, nikamsifia kazi nzuri. Lilelile! Binadamu gani huyu? Miwani akachungulia, akauliza kwa upole kama najua kwamba nagombana na mashine, kwamba jibu hilo hujituma lenyewe. Nikamjibu kwamba najua sana, naipima uvumilivu.

Ijumaa, 7 Machi
Kiraka cha Miwani kimepokelewa. Hazina kuu, bila shaka, kwa hao wa koma. Ndiye kiongozi. Bosi kanipa pole mbele ya watu, eti bidii yangu kaiona, ila nilikuwa nabisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu. Wakacheka wote, hadi mlinzi. Nyumbani mama mkwe kaniuliza, mashemeji wakisikiliza: "Eti baba, kiongozi anaruhusiwa kuosha vyombo?" Imeniuma, sifichi. Nilikitaka kile cheo kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nimeosha, na masufuria pia.

Jumapili, 9 Machi
Nimetafakari kwa utulivu na kosa nimeliona. Si mahali nilipotuma, hata kidogo. Kosa ni ile mashine kukosa malezi. Basi nimeiandikia kiraka kipya, cha kuifundisha kusalimia watu na kusoma sifa zao kabla ya kufunga mlango. Miwani kanipigia simu, akanisihi kwa heshima zote nitazame anwani kabla ya kutuma. Uongozi umeshampanda kichwani! Nimekituma palepale. Jibu limekuja, lilelile, ila safari hii naona limechelewa kidogo. Ameanza kunifikiria.