Beji za Kwaya ya Tumaini

Jumatatu, 2 Juni 1997

Leo nimekuwa mtu wa viwanda.

Wale Wajerumani niliokuwa dereva wao wamerudi kwao. Kabla ya kuondoka, mama mwenye nyumba alituita mimi na Otiende, aliyekuwa mlinzi wa lango, akasema kila mmoja achague kitu kimoja cha kwenda nacho. Mimi kwanza. Dereva ni mkubwa kuliko mlinzi, hilo linajulikana. Palikuwa na friji. Palikuwa na mashine ya kudarizi, ya umeme, inayochora yenyewe kwa uzi. Unabonyeza picha, unakunja mikono, yenyewe inashona! Nikachagua mashine. Otiende akachukua friji huku akinitazama kwa huruma. Nami nikamtazama kwa huruma.

Mke wangu Nzisa alikuwa ameshafagia kona ya kuweka friji. Alikuwa na mpango wa kuuza maziwa baridi hapa mtaani Fedha. Mkokoteni ulipofika akauliza kama friji inakuja na mkokoteni wa pili. Nikamweleza. Beji! Beji za kubandika kwa pasi! Soko la Gikomba limejaa makoti ya mitumba yenye matundu. Koti lenye tundu nani analitaka? Hakuna. Koti lenye ua palipokuwa na tundu? Watagombana. Hakuna sindano, hakuna foleni kwa fundi. Pasi tu, paf!

Nzisa alichukua ndoo ya maji akaiweka kwenye ile kona. Ataelewa tu.

Jumatano, 4 Juni

Kitabu cha maelezo ni cha Kijerumani. Haidhuru. Ufundi hauna lugha.

Mashine inajua maua, herufi zote na bata mmoja. Nikaanza na bata. Ikanguruma kama paka aliyeshiba. Mkia ukatokea, mgongo ukatokea, kichwa kikatokea. Nikapiga makofi. Stima ikapotea! Iliporudi, mashine ilikuwa imesahau kila kitu, ikaanza tena mkiani, ila kando kidogo. Nina bata wa vichwa viwili. Nikajiambia kuna watu watampenda hivyohivyo.

Nikainua fremu. Haikuinuka. Kitambaa cha kochi, kile Nzisa alichokifuma kwa mkono Kwaresima nzima, kilikuwa kimejikunja chini ya bata na kushonwa naye. Mkono wa shati langu pia. Nikabaki nimefungwa kwenye mashine kama mbuzi kwenye kigingi mpaka Nzisa aliporudi sokoni. Alichukua makasi. Shati alilikata haraka. Kitambaa alikikata polepole, uzi mmoja mmoja, bila kunitazama.

Otiende amepanga chumba ploti hiihii, mlango wa tatu. Ameshaanza kuuza soda. Watu wamesimama kwake tangu saa sita mchana. Kelele tu za watu wenye kiu. Kiu hupita. Beji hudumu.

Ijumaa, 6 Juni

Siri ya gundi nimeipata! Nilikwenda kwa fundi Muturi, yule wa kibanda cha mabati karibu na kanisa, nikajifanya nimepita tu. Nikaona akibandika kola ya shati kwa kile kitambaa kigumu chenye gundi upande mmoja. Pasi inapita, gundi inayeyuka, kola inasimama. Nikamwomba kipande. Akauliza cha nini. Nikasema cha dawa.

Akacheka. Kumbe Nzisa alishamsimulia. Akanipa kipande na ushauri ambao sikuuomba: gundi ile ni ya kushikilia tu, fundi akishabandika lazima apitishe uzi. Pia niwe mwangalifu na nguo nyepesi, gundi hupenya ikatokea upande wa pili. Alisema, “Mzee, jaribu kwanza kwenye kitambaa kikuukuu.”

Wivu. Ameona mwisho wa sindano yake unakaribia.

Jumapili, 8 Juni

Siku kubwa! Baada ya ibada Mwalimu Waruguru, anayefundisha kwaya yetu ya Tumaini, alisimama na tangazo. Jumapili ijayo ni mashindano ya kwaya kule Makadara. Mwaka jana kwaya yetu ilitangazwa kwa jina la kanisa jingine, na wakapigiwa makofi ambayo si yao. Mwaka huu anataka kila joho liwe na jina kifuani, na picha ya njiwa. Muturi amemwambia hawezi, amejaa sare za shule.

Nilikuwa nimeshasimama. Nzisa alinivuta koti. Nikasimama zaidi. Nikasema kazi itakuwa tayari Jumamosi, kwa mashine ya Ulaya, bila hata tundu moja la sindano kwenye majoho. Kanisa likasema amina.

Tukiwa njiani Nzisa akaniambia jambo. Mwaka huu yeye ndiye anayeimba peke yake, ubeti wa katikati. Miaka yote amekuwa safu ya nyuma. Mwalimu alimchagua mwenyewe, na amekuwa akifanya mazoezi akifua, akipika, akichota maji. Nilidhani anaimba tu kwa sababu ana furaha. Akasema, “Baba Ndolo, nakuomba. Fanya kazi ya watu vizuri, au mwambie Mwalimu mapema kwamba huwezi.”

Huwezi! Nimeguswa. Nitamfanyia beji ambayo hajawahi kuota.

Jumanne, 10 Juni

Matatizo madogo mawili. La kwanza, mashine haina njiwa. Ina bata. Nimemtazama bata kwa muda mrefu. Ukimshona kwa uzi mweupe na kumpunguza mdomo kwa makasi, bata ni njiwa aliyekula vizuri.

La pili, fremu ni ndogo kama kisosi. Neno TUMAINI haliingii. Nikajaribu herufi ndogo, zikatoka kama siafu. Suluhisho likanijia nikinywa chai: mistari miwili! Juu TUMA, chini INI, na njiwa kando. Nafasi imetosha kabisa. Nimeisoma mara nyingi. Inasomeka vizuri. Tumaini, Tumaini, Tumaini.

Otiende, ambaye pia yumo kwenye kwaya, sauti ya chini, alichungulia dirishani akauliza kama nahitaji msaada. Nikafunga pazia. Wezi wa fikra huanza kwa kuuliza kama unahitaji msaada.

Ijumaa, 13 Juni

Beji zote zimekwisha! Nimezikata, nimezitia mgongoni kile kitambaa cha gundi nilichonunua Gikomba, nimezipanga mezani. Kundi zima la njiwa. Mmoja ana vichwa viwili (stima tena), nimemweka kwenye fungu la warefu, wanaosimama nyuma.

Mwalimu Waruguru amekwenda matangani Nyeri, atarudi kesho jioni, kwa hiyo hajaziona. Nzisa pia sijamwonyesha. Nataka ashangae.

Jumamosi, 14 Juni

Siku ya pasi. Stima hakuna. Nikawasha pasi ya makaa, ile nzito ya mama mkwe. Moto wake hauna kipimo, lakini mimi nina kipimo: mate. Ukitema ikalia, iko tayari. Ililia sana.

Majoho ni mepesi, ya buluu, yanateleza kama sabuni. Beji ya kwanza, paf! Imeshika! Nikavuta, haitoki. Nikaimba. Ya pili, ya tatu, nikakandamiza kwa uzito wangu wote, maana beji isiyokandamizwa ni stempu tu. La Nzisa nilipiga pasi mara mbili, polepole, mpaka jasho likanitiririka. Mapenzi ni hayo. Kisha nikayakunja vizuri yakiwa bado moto na kuyapeleka kanisani. Mzee wa kanisa akayafungia kabatini bila kuyakunjua. Alisifu mikunjo yangu.

Muturi alisimama mlangoni mwa kibanda chake nikipita. Nikampungia mkono kama rais.

Jumapili, 15 Juni

Naandika nikiwa nimekaa nje, juu ya ndoo iliyogeuzwa. Ndani sijaruhusiwa.

Tulifika Makadara asubuhi. Ukumbi umejaa, kwaya kutoka kila mtaa, mabati yanawaka jua. Tumaini tukapangwa kuimba wa nne. Waimbaji wakaingia chumba cha nyuma kuvaa. Nikasubiri mlangoni nisikie sauti za kushangaa.

Nilizisikia.

Mwimbaji wa kwanza aliingiza kichwa kwenye joho, kikakwama kifuani. Wa pili vilevile. Gundi ilikuwa imepenya kitambaa cha mbele ikashika cha nyuma! Majoho yalikuwa yamefungika kama bahasha. Mle ndani watu wazima walikuwa wakipigana na nguo, mikono juu, vichwa havionekani. Otiende alizunguka chumba kizima akiwa gizani mwa joho lake na kukumbatia kabati. Wengine wakavuta kwa nguvu, krrrr, yakaachana, wakavaa. La Nzisa halikuachana. Lile nililolipiga pasi mara mbili. Walilivuta watatu. Lilichanika kutoka kifuani mpaka magotini.

Ndipo Mwalimu Waruguru aliposoma beji. Akasoma tena. Akaniuliza, kwa sauti ya upole iliyoniogopesha, “Mwangangi, tuma ini kwa nani?”

Sikuelewa. Nikatazama. Tuma. Ini. Na kando yake bata mweupe, mnene, asiye na mdomo. Haki ya Mungu, mpaka dakika ile sikuwa nimeona! Ilikuwa kama kibao cha buchari.

Hakukuwa na muda. Walishaitwa. Wakapanda jukwaani, na ukumbi ukasoma kwa pamoja. Kwanza minong'ono, kisha kicheko. Vijana wa nyuma wakapaza sauti: “Niaje! Ini hatuna, tuko na matumbo!” Kicheko kikavunja viti. Joto nalo likaanza kazi yake. Beji zilianza kujikunja pembeni kama majani makavu, kisha kudondoka moja moja. Bata walikuwa wakianguka miguuni mwa waimbaji. Mmoja alimwangukia mpiga kinanda kwenye vidole. Mwalimu aliinua mkono kuanzisha wimbo.

Kisha Nzisa akatoka.

Hakuwa na joho. Alikuwa na gauni lake la manjano la kila Jumapili, lile lenye kiraka cha mkono alichokishona mwenyewe. Alipita katikati ya ile buluu iliyochanika akasimama mbele, peke yake, akafumba macho. Hakungoja watu wanyamaze. Alianza ubeti wake palepale, chini kabisa, kama mtu anayeongea na mgonjwa. Safu za mbele zikanyamaza. Akapanda. Vijana wa nyuma wakanyamaza. Sauti ile nimelala nayo nyumba moja miaka kumi na minne na sikuwa naijua. Kwaya ikaingia nyuma yake, na hakuna aliyekuwa akitazama vifua tena. Mama mmoja karibu nami alikuwa akifuta machozi kwa leso. Machoni mwangu pia kulikuwa na vumbi.

Kwa dakika nzima sikuwaza biashara. Naandika ili ikumbukwe.

Wamekuwa wa tatu! Tumaini haijawahi kufika hata ya sita. Mwamuzi alisema hajaona mwimbaji aliyetofautishwa vizuri hivyo kwa mavazi, manjano mbele ya buluu, akauliza nani alibuni. Nilikuwa nimeshainua mkono nusu. Mwalimu Waruguru alinitazama. Nikajikuna sikio.

Nyumbani Nzisa aliweka kikombe cha ushindi juu ya meza, akavua viatu, akaniambia, “Leo watu walinicheka kabla sijafungua mdomo. Unajua hiyo inakuwaje?” Nikasema najua. Akasema hapana, sijui, kwa sababu mimi huwa sisikii. Akafunga mlango. Otiende akaniletea soda baridi. Nimeikataa. Kisha nimeinywa.

Jumatatu, 16 Juni

Nimeomba msamaha. Kwa kweli, kwa moyo. Nzisa alinisikiliza akichambua maharagwe. Akasema atanisamehe kwa sharti moja: niape kwamba sitagusa tena nguo ya kanisa maishani mwangu. Nikaapa mkono juu. Mashine nimeifunika blanketi na kuisukuma chini ya kitanda. Majoho anayatengeneza Muturi. Kila beji iliyobaki anaibandua kwa uvumilivu, na kila akimaliza moja anaitundika ukutani kibandani kwake, kwa ajili ya wateja kucheka. Mchezo wa kitoto. Nilimsalimia nikapita. Nimekuwa mtu mwingine.

Mchana nimelala. Nimefikiri sana. Shida haikuwa beji. Shida ilikuwa majoho. Kitambaa cha hali ya chini.

Alhamisi, 19 Juni

Nzisa amekwenda Kangundo kumwonyesha dada yake kikombe. Atarudi Jumapili.

Asubuhi alibisha hodi msichana mmoja, Kaluki, kutoka Pumwani. Anaolewa Jumamosi. Alisikia huko kwao kwamba Fedha kuna mtu mwenye mashine ya Ulaya inayochora maua kwa uzi. Ameleta gauni lake la harusi. Hariri tupu! Nyeupe, nyepesi kama mvuke wa chai. Anataka maua kuanzia shingoni mpaka chini, na hataki sindano iliguse, maana shangazi yake alimwambia hariri ikitobolewa huchanika.

Nikafikiri kwa makini kuhusu kiapo changu. Niliapa nguo ya kanisa. Hii ni nguo ya harusi. Kanisani itapita tu, kwa saa moja, kisha iende zake kwenye karamu.

Nikavuta mashine kutoka uvunguni. Kaluki akaitazama kwa heshima. Akauliza, kwa adabu, kama nina uzoefu na kazi kubwa namna hii. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, amuulize mtu yeyote hapa Fedha kuhusu kazi yangu. Hakuna asiyeijua.

Alifurahi sana. Amesema atawaambia na wasimamizi wake wa harusi walete nguo zao.

Makaa ya pasi yameshashika.