Fomu ya Maana

Ofisi yetu ina furaha kuutangazia umma kwamba tangu mwezi uliopita, katika ukumbi wa sanaa wa mtaa huu, halijasomwa shairi lolote lenye maana zaidi ya moja. Mafanikio haya hayakuja hivihivi. Yametokana na Fomu ya Maana, ambayo mistari yake niliichora mimi, Afisa Maana Daraja la Pili, kwa rula yangu mwenyewe.

Utaratibu ni mwepesi. Anayetaka kusema kitu kwenye kipaza sauti anajaza kwanza maana yake, mstari mmoja tu, nami nagonga mhuri. Mkurugenzi aliongeza kwa mkono wake maneno "bila kujali cheo". Alisema yanapendeza yakisomwa kwa sauti.

Kinyozi wa hapo jirani alijaza "mapenzi", akapita siku hiyohiyo. Aliyetusumbua ni dada mmoja fundi wa kushona. Shairi lake lilihusu cherehani ya mama yake iliyowalisha watoto sita, na mama mwenyewe alikuwa amesafiri siku nzima kuja kulisikia. Jumapili asubuhi anarudi kwake, na kwa umri ule, kuja tena ni majaliwa. Penye maana, fundi akaandika: cherehani. Kamati ya ukumbi ikataka kujua cherehani hiyo inasimama badala ya nani.

"Cherehani ni cherehani, kaka," akaniambia. "Mama kaikanyaga miaka thelathini. Unataka iwe nani?"

Nilimhurumia, sikatai. Lakini cherehani isiyomaanisha kitu kingine lazima itiliwe shaka. Nikamrudishia fomu mara mbili, na mara ya tatu nikamtaka aambatanishe picha za cherehani, pande zote nne.

Jumamosi alasiri, siku ya mashairi, ukumbi ukafurika. Fundi hakuwa na mhuri, lakini alimleta mama yake akamkalisha mstari wa mbele, mkoba magotini. Mkurugenzi akapanda jukwaani kufungua shughuli. Akatusihi tusonge mbele kwa pamoja kuelekea mwelekeo, tukiimarisha uimarishaji wa mikakati shirikishi. Watu wakadhani mashairi yameanza. Kinyozi akamwomba arudie hapo penye mwelekeo. Makofi yakalia, na Mkurugenzi, maskini, akanogewa, akarudia.

Ndipo mama yake fundi akainua mkono.

"Samahani, mwanangu," akaniuliza kwa upole. "Na huyu baba, fomu yake iko wapi?"

Loo! Sheria ni msumeno, na mimi ndiye niliyeunoa. Nikampelekea Mkurugenzi fomu na kalamu. Akaandika, akafuta. Akamwita katibu muhtasi, aliyeiandika hotuba, naye akaeleza kwamba ameinakili ya mwaka jana, na ile ya mwaka jana ilinakiliwa kutoka ile ya mwaka juzi. Jasho likamtoka Mkurugenzi. Akaninong'oneza nigonge tu mhuri, yeye si mtu wa kujaza fomu.

"Bila kujali cheo, mheshimiwa," nikamsomea, kwa sauti. Kweli yanapendeza.

Kwa kuwa kosa lilikuwa limeshatendeka, nilikichukua kipaza sauti kama kielelezo cha ushahidi. Nilidhani shughuli imeishia hapo. Kumbe fundi alikuwa ameisoma fomu yangu kuliko mimi: inahusu kipaza sauti tu. Akasimama mbele ya mama yake, akaghani kwa mdomo mtupu, na ukumbi mzima ukasikia. Mguu wa kulia wa mama ulikuwa ukikanyaga sakafu, taratibu, kama yuko kazini. Nami nililia, machozi ambayo mpaka leo sijayajazia fomu.

Tulipokuwa tunapanga viti, Mkurugenzi alikuwa bado kwenye meza ya mlangoni, anatafuta maana. Mwishowe akanikabidhi fomu yake huku akitazama pembeni. Alikuwa ameandika: cherehani.

Nikamrudishia. Hakuwa ameambatanisha picha.