Jike la Mbele

Jumanne, 8 Julai

Nimepata njia! Mkutano wa Jumuiya ya Watu wa Tanga ni Jumapili ya tarehe ishirini, hapa Rosettenville, na uchaguzi ni siku hiyohiyo. Bi Mwatumu amekuwa mwenyekiti tangu kabla sijafika Johannesburg. Ufunguo wa ukumbi anao yeye. Masufuria anayo yeye. Mtu akifiwa, simu ya kwanza ni kwake. Huu ni udikteta. Mimi nina suti, nina sauti, nauza makava ya simu, mtaa mzima wa Fordsburg unanijua, na sina cheo hata kimoja.

Njia yenyewe ni nyama. Abdulrahman, yule mwenye bucha, kila msimu wa baridi huenda kuwinda kwenye shamba la wanyamapori huko Limpopo. Nimemwomba anichukue. Akauliza kama nimewahi kushika bunduki. Nikamjibu kwamba uwindaji uko kwenye damu yetu. Sikumwambia kuwa babu aliua kenge mmoja tu, tena kwa mwiko. Atakayewalisha watu pilau ya swala, nani atamnyima kura?

Alhamisi, 10 Julai

Jirani yangu Théodore, fundi cherehani kutoka Lubumbashi, amenishonea koti la kuwindia. Lina mifuko mingi kuliko vitu nilivyo navyo. Nimejitazama kwenye kioo. Mwenyekiti kabisa.

Jioni Abdulrahman alinifundisha nyuma ya bucha. Majani ya baridi hayatoshi, kwa hiyo mwenye shamba anataka swala majike wapunguzwe. Lakini si jike lolote. Chukua lililozeeka: uso mrefu, mgongo umebonyea, nyonga zimetokeza, halina mtoto nyuma yake. Subiri wasimame pamoja uwalinganishe. Na jike la mbele usiliguse kamwe, maana ndilo linalojua maji yalipo na pa kukimbilia. Alirudia hilo la mbele mpaka nikachoka. Nilitikisa kichwa, huku nikiwaza hotuba.

Jumamosi, 12 Julai

Shambani. Baridi ya kukata masikio. Mifuko yote ya koti haina glavu.

Kundi lilitokea asubuhi. Bunduki ni ya Abdulrahman, naye alikaa ubavuni pangu kama sheria inavyotaka. Alinikumbusha nitaje jina la Mungu kabla ya kufyatua, ili nyama iwe halali. Hilo nalijua! Tena kulikuwa na wawindaji wengine wawili wa Fordsburg, nikataka wajue wako na mtu wa dini. Nikaivuta Bismillahi kama msomaji wa maulidi, kwa sauti ya kifuani. Nilipofika kwenye Rahim, hapakuwa na swala hata mmoja.

Abdulrahman akasema kwa upole kwamba Mungu husikia hata ukinong'ona. Wale wawili wakanigeuzia mgongo. Wivu.

Jumapili, 13 Julai

Nimepiga! Risasi moja, akaanguka hapohapo, Abdulrahman akawahi kumchinja.

Niandike ukweli wote, hii shajara ni yangu. Walisimama pamoja kama nilivyofundishwa. Nyuma palikuwa na kizee kimoja, mgongo umebonyea, nyonga zimetokeza, hakina mtoto. Abdulrahman alininong'oneza kuwa ndicho hicho. Lakini mbele palikuwa na jike nene, shingo juu, linatazama huku na huku, wengine hawali mpaka lianze kula lenyewe. Hawanywi mpaka linywe. Nilimwona Bi Mwatumu mwenyewe! Nikawaza hao wengine watanishukuru. Nikanong'ona Bismillahi, nikapiga la mbele.

Hawakushukuru. Walizunguka palepale, wakagongana, kisha kila mmoja akashika njia yake vichakani. Wenzangu walisubiri hadi jua linazama, hawakupata hata mmoja wa kulenga. Mwenye shamba hakunipa mkono. Abdulrahman alinipa nyama yangu na neno moja.

"Eish, Selemani. Nilikwambia nini?"

Alikuwa amechoka, masikini. Mimi nilikuwa na furaha.

Jumapili, 20 Julai

Siku yenyewe. Kuwa na nyama peke yake hakutoshi ikiwa Bi Mwatumu atakuwepo. Kwa hiyo jana nilimpigia, shikamoo za kutosha, nikamwambia mkutano umehamia Midrand, mbali kabisa na hapa. Akaniita mwanangu, akashukuru. Alfajiri akaondoka na gari la mizigo.

Saa nne watu wakafika. Mlango umefungwa. Ufunguo uko Midrand. Masufuria yako Midrand. Mchele pia. Nikapanda juu ya kreti kuanza hotuba, hakuna aliyesikiliza. Walizunguka uani, wakagongana, wanaulizana waende wapi. Wengine wakaanza kurudi makwao. Sijui kwa nini hali ile ilinijia kama nimewahi kuiona mahali.

Ndipo simu ya Samira ikalia. Samira ni katibu, mpwa wa Bi Mwatumu. Shangazi yake amepata gereji ya ndugu huko Midrand, maji yameshachemka. Samira akanyoosha mkono tu, uwanja mzima ukamfuata mpaka kwenye magari. Hata waliokwisha fika kwenye robot, zile taa za barabarani, wakarudi. Hakuna aliyeniuliza kama ninakwenda.

Nikabaki na ndoo ya nyama. Théodore, aliyekuja kuona koti lake likihutubia, akachungulia ndani ya ndoo.

"Basi hii nyama yote tutaikula siye wawili?"

Tuliichoma, tukala. Ilikuwa ngumu. Nililia kidogo, nikamwambia ni moshi.

Jumatatu, 21 Julai

Bi Mwatumu amepita bila kupingwa. Amenitumia pilau na salamu: anasema hana kinyongo, nimpelekee ngozi ya swala aikalie wakati wa mikutano. Pilau nimeila. Ni tamu, na hilo linauma zaidi.

Leo nimefungua kibanda huku nikitafakari kwa kina kosa langu liko wapi. Mtu mzima lazima ajikosoe. Nimepitia yote, la shambani na la ukumbini, na sasa naliona wazi kama mchana. Nilimwondoa wa mbele, nikamwacha wa pili.

Mwakani nitaondoa wote wawili. Nimeshamwagiza Théodore koti jipya.