Mume Wangu na Wasimamizi Wake Watatu

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Masomo ya Uzamili,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba nyumbani kwako mtu akiuliza kitu anajibiwa. Mimi ni fundi cherehani, mke wa mwanafunzi wako wa shahada ya uzamili ya masomo ya kanda, yule mrefu mwenye mkoba uliokatika kamba. Kabla hajaja kwenu alikuwa karani wa forodha, mtu wa maneno machache. Ndiyo yake ilikuwa ndiyo, hapana yake hapana. Naomba nirudishiwe huyo.

Najua shahada yenu huchanganya fani, na kila sura ya tasnifu sharti ipite kwa wasimamizi watatu: wa historia, wa uchumi na wa lugha. Sina ugomvi nao, ili mradi wabaki huko huko chuoni. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nikiuliza nani ameacha mlango wazi mpaka kuku wa jirani wakaingia sebuleni, naambiwa swali langu ni finyu. Kwanza tutazame mlango ulifikaje hapo, kisha nani ananufaika ukiwa wazi, kisha kwa nini tunauita mlango. Wakati huo kuku wako juu ya kochi.

2. Kabati letu la nguo amelitangaza kuwa eneo la mpakani. Shati lake likivuka upande wangu, huo ni ushirikiano wa kikanda. Gauni langu likivuka upande wake, ni uvamizi.

3. Mama mkwe alikuja kututembelea mwisho wa wiki. Mwanawe akamkalisha, akawasha kinasa sauti, akaanza kumwita mhojiwa. Mama wa watu hajawahi kusikilizwa hivyo maishani. Ameahirisha safari ya kurudi kwake, anasema katika kusimulia hata ujana wake hajaufikia. Wifi yangu naye kasikia, yuko njiani.

4. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Juzi, tukinywa chai, nilimuuliza kama bado ananipenda. Akaniangalia usoni, akasema, "Kihistoria, ndiyo. Kiuchumi, ndiyo, ila kwa masharti. Kwa upande wa lugha, msimamizi bado hajanirudishia sura." Kisha akanifafanulia kila upande, tangu siku aliponiletea suruali ya kupunguzwa urefu hadi leo, mpaka chai ikapoa. Iliniuma sana. Mke hangoji maoni ya msimamizi ili ajue kama ana mume.

Kwa hiyo naomba ama mmpe shahada yake haraka, hata kama haijaiva, ama mmwachishe masomo. Ikishindikana, wasimamizi wote watatu wahamie kwetu, mlango ukiachwa wazi wakubaliane wenyewe. Watalala sebuleni na wifi.

Wasalimie wote watatu, pamoja na katibu muhtasi wako, ambaye najua ndiye anayeisoma barua hii kwanza.

Wako katika kusubiri jibu fupi,
Mke wa Mwanafunzi

N.B. Kabla sijafunga bahasha, mume wangu amerudi na habari kwamba sura ya mwisho imerudishwa na amefaulu. Nilipiga vigelegele. Nikauliza nani ameacha mlango wazi, akasema, "Mimi," akaenda kuufunga. Tukanywa chai ikiwa bado ya moto. Nikarudia lile swali langu. Akasema, "Ndiyo," akageukia ukutani, akalala. Mheshimiwa, nyumba imepoa kupita kiasi, hata mama mkwe, asiyehojiwa tena, anafungasha. Je, shahada ya uzamivu mnayo? Na wasimamizi wanaweza kuwa wanne?