Kizio cha Musab

Jumatatu, 3 Februari

Zakiya amekuja kujifungulia kwetu Malindi, kama ada ya mtoto wa kwanza. Daktari asema ni mvulana. Furaha yangu ikadumu hadi chai ya saa kumi. Radhia, mke wangu, akanikumbusha kwamba jina ni haki ya babu mzaa baba. Yaani Habib! Mkwe mwenzangu, muuza vitambaa, mtu asiyejua kwa nini taa inawaka. Nami Zakiya ndiye mwanangu pekee. Nikifa, nani ataitwa Musab? Nimekataa mkate wa mofa. Baadaye nikaula.

Jumanne, 4 Februari

Nimefundisha kidato cha tatu habari za Hertz, yule Mjerumani aliyethibitisha mawimbi ya redio. Alikufa kijana, maskini. Lakini jina lake! Jambo likitokea mara moja kwa sekunde, hiyo ni hertz moja. Umeme wa nyumbani ni hertz hamsini. Redio ya Habib, ile anayoifungulia dukani kutwa, iko megahertz tisini na kitu. Kumbe jina laweza kuishi bila mjukuu!

Nimebuni kizio changu. Jambo likitokea mara moja kwa siku, hiyo ni musab moja. Swala ni musab tano. Chakula hapa nyumbani ni musab tatu. Radhia asema nisipoosha vyombo kitashuka kiwe moja.

Alhamisi, 6 Februari

Nilikitia kizio katika mtihani: "Badilisha musab tano ziwe hertz." Mwalimu mkuu, Bi. Jedida, mtu wa bara asiye na mzaha, akaniita ofisini. Akauliza huyu Musab ni nani. Nikajibu kwa unyenyekevu kuwa ni mimi. Akauliza kama nimeshakufa. Nikasema bado, alhamdulillahi. Akasema vizio hupewa majina ya waliotangulia mbele ya haki, kwa hiyo nisubiri zamu yangu, na swali nilifute leo hii.

Wivu tu.

Ijumaa, 7 Februari

Baada ya swala nikapeleka kizio barazani, kwa Sanga muuza kahawa. Nikaeleza vizuri. Habib akasikiliza, akanywa, akapangusa masharubu. Kisha akasema mara moja kwa siku ni nyingi mno kwa mji huu. Naye akabuni chake! Mara moja kwa wiki: habib moja. Bila haya!

Palepale Sanga akasema maji ya mfereji kwake huja habib mbili. Mwingine akasema gari la taka ni nusu habib, tena mwezi ukiwa mzuri. Baraza lote likacheka. Kufikia jioni sokoni wanahesabu kwa habib. Nimerudi nyumbani, Radhia akaniambia namsaidia kazi kwa robo habib. Hata mke wangu!

Jumapili, 9 Februari

Zakiya kajifungua salama. Mumewe alikuwa bado njiani kutoka Nairobi. Nilikimbilia hospitali nimevaa viatu vya Radhia. Habib kanitangulia, kama kawaida yake. Nesi akatoka na mtoto, akampa Habib, mwenye haki, amwadhinie sikioni.

Habib akafungua kinywa. Sauti ikakataa kutoka. Machozi tu yakawa yanamdondoka ndevuni. Akanigeukia, akaniweka mtoto mikononi, akanong'ona kwamba nimwadhinie mimi.

Nikaadhini. Kisha nikamweka kifuani. Moyo wake unapiga zaidi ya hertz mbili. Nilianza kuhesabu, nikasahau. Nampenda. Sina la kuandika zaidi.

Jumamosi, 15 Februari

Akika. Mtoto ameitwa Habib. Nilijua, na bado iliniuma. Nilitabasamu mpaka mashavu yakachoka, nikajificha nyuma ya sufuria la pilau.

Zakiya akanifuata na mtoto. Akasema ada ni ada, hawezi kuivunja, lakini arubaini ikiisha hatarudi Nairobi, atahamia mtaa wa pili tu, na atakuwa akimleta kwangu. Nikauliza mara ngapi. Akasema musab moja. Mbele ya wageni wote! Mwanangu! Kizio changu kimetumika!

Habib akasikia, akauliza yeye je. Zakiya akajibu kwa adabu kwamba baba mkwe ataletewa habib moja, kwa kipimo chake mwenyewe. Watu wakaangua kicheko. Habib akainama. Kwa sauti ndogo akaomba, ikiwezekana, naye apewe musab.

Nikasema apewe. Nikafuta machozi kwa mkono wa kanzu, nikasingizia moshi.

Jumapili, 16 Februari

Nimeamka mshindi. Halafu nikakumbuka maneno ya Bi. Jedida: lazima mtu afe kwanza. Habib ni mkubwa kwangu. Ana presha. Jana nilimwona kwa macho yangu akila mafuta ya mbuzi. Akinitangulia, si kizio chake ndicho kitakachotambuliwa kwanza? Haitawezekana!

Nimempigia simu kumkumbusha dawa. Nimemkataza chumvi. Nimemwambia tutembee pamoja kila alfajiri, nikampelekea na fimbo yangu nzuri. Ameshangaa. Akasema hajapata kuwa na ndugu kama mimi, Mungu anilipe.

Hajui mpango wangu. Kesho nitampigia tena, na keshokutwa. Musab moja, bila kukosa, mpaka nife mimi kwanza.