Ombi la Kumzika Mapema Mreno wa Chumba cha Juu

Khuwair ya Kusini,
Maskati.

Kwa Mheshimiwa Daktari Kheiria, msimamizi wa mwanangu Hatem chuoni,

Assalaam alaykum. Nakutakia uzima wewe na wote walio chini ya dari lako. Uniwie radhi kwa mwandiko. Skuli sikufika mbali, na Kiarabu changu ni cha sokoni, lakini nimeambiwa wazee wako nao wametokea Unguja, nikasema basi huyu tutasikilizana.

Mimi ni mama yake Hatem, yule anayekuandikia, kwa shahada yake, maisha ya Bernardino Machado, Mreno aliyekuwa rais kwao zamani, walipokwisha kumtoa mfalme. Mwanangu ana miaka thelathini na tatu. Mchumba yupo, Bashayer, mtoto wa watu wa Hail, huko mwisho wa mji, hana kasoro. Lakini baba yake, Bwana Loai, amesema harusi isitajwe mpaka Hatem amalizane na huyo Mreno. Na Mreno hataki kufa.

Malalamiko yangu nimeyatia namba ili usichoke.

1. Wareno tulishawatoa. Wazee wetu waliwatoa hapa Maskati, wakawafuata mpaka Mombasa wakawatoa na huko, na ngome zao zipo hadi leo, kila mtu anaziona. Sasa mwanangu kamrudisha mmoja peke yake, kampandisha ngazi, kampa chumba cha juu chenye kiyoyozi kipya. Marehemu baba yake angesema nini?

2. Umri wake umezidi. Kazaliwa Brazil mwaka 1851. Namuuliza Hatem, "Keshakufa?" Ananijibu, "Bado, mama, ndiyo kwanza waziri." Tena waziri wa mfalme huyo huyo! Mtu kala mkate wa mfalme, kisha kahamia kwa wanaotaka kumtoa. Haya. Ramadhani ikaja ikapita, nikauliza tena. "Bado, mama, ndiyo kwanza kawa rais." Wanajeshi walipompindua mwaka 1917 nilisema, alhamdulillahi, sasa atakufa kwa huzuni kama watu wengine. Hakufa. Kaenda zake Ufaransa, karudi, kawa rais mara ya pili! Wakampindua tena, wakamfukuza nchini. Hakufa! Daktari, mtu gani huyu anapinduliwa mara mbili na presha haimpandi? Mimi ninayesikiliza tu nimeongezewa vidonge.

3. Hilo neno lenyewe la kupindua. Mimi nilitoka Unguja mgongoni kwa mama yangu kwa sababu ya neno hilo. Sasa nalisikia mezani, wali uko mdomoni.

4. Huyo mzee alikuwa na mke, Bi Elzira, na watoto kumi na wanane hivi. Kumi na wanane! Na huku anasomesha chuo kikuu, na uwaziri, na urais. Mwanangu anayeandika habari zake hana hata mmoja. Nikamuuliza, "Yeye mzee wako aliacha kuoa ili aandike maisha ya mtu mwingine?" Kacheka, kapanda zake juu. Naona chuo mnawasomesha nusu nusu.

5. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Kwa maelezo ya Hatem, Machado alikuwa na adabu za kupindukia, akimvulia kofia kila mtu, mkubwa kwa mdogo. Nzuri, sikatai, huko kwao. Siku ya posa tulikwenda Hail na halwa yetu. Wanaume majlisi, sisi wanawake chumba cha pili, mlango tumeuacha wazi kidogo kama ilivyo ada. Bwana Loai kaingia. Hatem kainuka, kakishika kilemba alichofungwa na ami yake Sleyum kwa tabu na jasho, kakivua pamoja na kofia, kichwa wazi, kainama! Mbele ya baba mkwe! Kilemba kikafunguka, ncha yake ikalala ndani ya halwa. Ami yake akasema, "Joto hili," na kiyoyozi kinatutetemesha. Bwana Loai akauliza kwa upole, "Kijana anaumwa kichwa?" Mwanangu, badala ya kusema ndiyo yakaisha, akamweleza jamhuri ya Wareno mpaka adhana ya Magharibi. Hapo ndipo lilipozaliwa lile sharti.

Kwa hiyo nakuomba, kwa heshima zote, huyo mzee afe mwaka 1917. Kalamu nyekundu unayo wewe. Kama chuo hakiruhusu, basi Hatem apewe Mreno mwingine, mwenye maisha mafupi na asiyevaa kofia. Na kama hilo nalo ni zito, wale watoto wapunguzwe, waandikwe wawili tu, kazi iende mbio.

Nisalimie wanafunzi wako wote, na mama zao zaidi, maana najua wanayoyaona. Sleyum anakusalimu, bado anaona haya kwenda Hail.

Mimi mwenye kusubiri mazishi,
Mama Hatem.

Nyongeza: Nilikuwa nafunga bahasha, Hatem akashuka na vikombe vya chai. Tangu baba yake atutoke, kila baada ya Alasiri hunisomea aliyoyaandika, akinigeuzia kwa Kiswahili. Leo kasema, "Mama, wamemruhusu kurudi kwao. Mwaka 1940, anakaribia miaka tisini. Kesho namzika." Nikajikuta nalia, Daktari. Akimzika, mwanangu ataoa, atahamia Hail, na mimi chai nitainywa na nani? Naomba hiyo sura ya mwisho uikatae. Mwambie wale watoto hawakuelezwa vya kutosha, awaeleze mmoja mmoja, tangu kifungua mimba. Bwana Loai usimhofu, mkewe kanipigia simu jana, nikidhani ni habari ya mahari, kumbe nao tangu siku ya posa wanamfuatilia, anauliza, "Na yule mzee, wamemwachia kurudi kwao?" Mzee wa watu katolewa kwao mara mbili, masikini. Sisi tusiwe wa tatu kumtoa.